Mpira Unadunda, Lakini Uwanja Umeinama

Kuna neno moja limenichosha. Nimelisikia kijiweni, nimelisikia redioni, na sasa nimelisoma humu humu kwenye jarida letu, kwa kalamu ya ndugu yetu mmoja ambaye sina ugomvi naye ila kwa hili. Neno lenyewe ni "mpira unadunda". Ndugu yetu anasema eti zile orodha zinazopangwa kabla ya ligi kuanza, fulani wa kwanza, fulani wa pili, fulani atashuka daraja, ni porojo za kupitishia muda wa kiangazi. Kipenga kikilia, anasema, wote wanaanza sifuri kwa sifuri. Tusihangaike nazo.

Mie nahangaika nazo. Tena nahangaika kwa sababu niliwahi kusema maneno hayo hayo kwa mdomo wangu huu, na kuna kijana mmoja hapa Kimamba aliyalipia. Nitamfikia. Kwanza nimpe ndugu yetu haki yake, asije akasema nimemvamia.

Haki yake ni hii. Historia ya mpira wa nchi yetu imejaa watu waliokataa kukaa pale walipopangiwa. Ligi ya taifa ilianza mwaka 1965, na bingwa wa kwanza alikuwa Sunderland, hawa hawa tunaowaita Simba tangu 1971. Tangu hapo hadi leo ubingwa umekuwa mali ya nyumba mbili za Kariakoo, Simba na Yanga, kama vile shamba la urithi. Lakini mara mojamoja mgeni huingia. Mwaka 1975 aliingia Mseto wa Morogoro. Mwaka 1982, Pan African. Mwaka 1986, Tukuyu Stars, timu iliyokuwa imepanda daraja juzi tu, ilishuka kutoka milima ya Rungwe ikawanyang'anya wakubwa kombe. Mwaka 1988, Coastal Union ya Tanga. Na sisi watu wa Mkoa wa Morogoro hatuwezi kumaliza kikao bila kutaja Mtibwa Sugar, timu ya kiwanda cha sukari kule Turiani, iliyochukua ubingwa wa Bara mwaka 1999 na, watu walipodhani ni bahati, ikauchukua tena mwaka 2000. Baba yangu mpaka leo akitaja miaka hiyo anavua kofia. Halafu Azam, msimu wa 2013/14, ikawa bingwa bila kupoteza mechi hata moja.

Haya. Mseto, Pan, Tukuyu, Coastal, Mtibwa, Azam. Ndugu yetu anawataja hawa kama ushahidi kwamba orodha hazina maana. Mimi nawataja hawa hawa kama ushahidi kwamba zina maana. Hebu hesabu mwenyewe. Miaka sitini na zaidi ya ligi, na majina ya wageni nayahesabu kwa vidole bila kuvua viatu. Tangu Azam ichukue mwaka 2014, hajaingia mgeni mwingine: Yanga mara tatu mfululizo, Simba mara nne mfululizo, Yanga tena mara nne mfululizo mpaka 2025. Kama mpira unadunda, basi bwana, mbona unadundia ua lile lile?

Utaniambia, wana wachezaji wazuri. Kweli. Lakini wamewapataje? Kabla ya ligi kuanza, mwezi wa nane, Simba wana Simba Day yao tangu 2009, na Yanga wana Wiki ya Mwananchi tangu 2019. Uwanja unajaa, jezi zinauzwa, wadhamini wanajipanga foleni, na hakuna hata pointi moja ya ligi iliyokwisha kupatikana. Watu hawa wanakusanya mavuno kabla ya kupanda! Kijana akifunga mabao kumi kwenye timu ya mkoani, msimu unaofuata hayupo: amekwenda kule ambako tayari imesemwa kwamba ndiko kwenye ubingwa. Anakwenda kwa sababu imesemwa. Na kwa kuwa amekwenda, inakuwa kweli. Hiyo ndiyo kazi ya orodha, ndugu yangu. Haibashiri tu. Inajenga kile inachokibashiri, kisha inasimama pembeni na kusema, si nilisema?

Na kuna jingine, dogo lakini linauma. Timu kubwa ikifungwa na ndogo, tunasema "imeteleza". Timu ndogo ikishinda, tunasema "imebahatisha". Tazama hapo. Tukio ni moja, dakika ni zile zile tisini, na bado hakuna aliyekubali kwamba mdogo alicheza vizuri. Orodha imetuwekea miwani, hatuoni mpira tena, tunaona majina.

Sasa nitoke kidogo nje ya nchi, maana kuna mahali ambapo jambo hili wamelifikisha mwisho kabisa. Kule Marekani vyuo vikuu vinacheza mpira wao ule wa mfano wa yai, wa kushika kwa mikono na kugongana vichwa. Si mchezo wetu, na sheria zake sizimalizi. Lakini watu wanajaa uwanjani kuliko kwa Mkapa. Sasa, tangu mwaka 1936 shirika la habari la Associated Press huwakusanyia waandishi kura: timu ipi ya kwanza, ipi ya pili, na kuendelea. Na tangu 1950 kura hiyo hupigwa pia kabla ya msimu, mwezi wa nane, kabla hata nyasi hazijakanyagwa.

Kwa nini wapige kura? Kwa sababu vyuo vya daraja la juu ni zaidi ya mia moja na thelathini, na kila kimoja kinacheza mechi kama kumi na mbili tu. Hawawezi kukutana wote. Mwisho wa msimu lazima mtu aseme nani anastahili, na huyo mtu anakumbuka alichosema mwezi wa nane.

Mwaka 2004 ikatokea hivi. Chuo cha USC kilipangwa cha kwanza kabla ya msimu. Oklahoma, cha pili. Auburn, cha watu wa Alabama, kikapangwa huko chini cha kumi na saba. Msimu ukaanza. USC hakufungwa. Oklahoma hakufungwa. Auburn naye hakufungwa! Wa kwanza na wa pili hawakuteleza, na ilikuwa lazima wateleze ili wa kumi na saba apite. Auburn akapanda ngazi wiki baada ya wiki, akamaliza wa tatu. Fainali ilikuwa ya timu mbili. Wakaenda wa kwanza na wa pili wa mwezi wa nane. Januari 2005 USC wakampiga Oklahoma 55 kwa 19, fainali ikawa kama mtu mzima anachezea mtoto. Auburn kwa upande wake akashinda mechi yake ya mwisho, akafikisha ushindi kumi na tatu bila kufungwa, akarudi nyumbani na kikombe cha huruma.

Niambie sasa, ndugu yetu: Auburn alikosea mechi ipi? Alikosea mechi ambayo haikuchezwa. Alifungwa mwezi wa nane, kwenye karatasi, na watu waliokuwa wamekaa vitini.

Najua utanijibu nini, maana na mie nasoma. Utasema Auburn huyo huyo mwaka 2010 alianza wa ishirini na mbili na akawa bingwa. Ni kweli. Lakini angalia ilivyokuwa. Wale watano waliotangulia kwenye orodha ya mwaka ule, wote walipoteza angalau mechi moja. Njia ikafunguka. Yaani mdogo, hata asipokosea, anapita pale tu mkubwa anapokosea. Mkubwa akicheza sawasawa, na mdogo akicheza sawasawa, anapita mkubwa. Huo ndio uwanja ulioinama. Mpira unadunda, sikatai, lakini ukidunda kwenye mteremko unaelekea upande mmoja.

Na wenyewe Wamarekani waliona aibu. Tangu 2014 wameweka kamati ya kuteua timu, na kamati hiyo haitoi orodha yake ya kwanza mpaka msimu umefika nusu na zaidi. Tangu 2024 wameongeza timu za mchujo zikawa kumi na mbili. Kama orodha za kabla ya msimu hazina maana, kwa nini watu waliozibuni wahangaike kuzikimbia?

Hapa ndipo nataka msomaji anisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo hoja yangu ilipo. Orodha ya mdomoni inakufa kadiri mechi zinavyokuwa nyingi. Ligi yetu ina timu kumi na sita, kila mmoja anakutana na kila mmoja mara mbili, mechi thelathini. Katika mechi thelathini hata uongo mkubwa unachoka. Mtibwa alipata nafasi ya kuukanusha uongo wiki baada ya wiki, mpaka watu wakanyamaza. Lakini pale penye mechi moja, orodha ndiyo mwamuzi. Na mtu maskini, jamani, hana mechi thelathini. Ana mechi moja. Mtihani mmoja. Usaili mmoja. Asubuhi moja.

Sasa nirudi Kimamba.

Mwaka 2019 tulikuwa na mashindano ya kombe hapa kwetu. Siwataji waandaaji, wanajijua. Timu zilikuwa kumi na mbili: za hapa Kimamba, na za vijiji jirani. Mimi nilikuwa katibu wa timu yetu, timu ya vijana wa mashambani, watoto wa wakata mkonge na wajukuu wa wakata mkonge. Tukaitwa kikao cha kupanga ratiba, chini ya mwembe. Akasimama mzee mmoja wa kamati akasema, "Jamani, tusipoteze muda. Timu kubwa tunazijua." Wakaandika karatasi. Timu nne wakaziita vigogo. Hao wasicheze raundi ya kwanza, waingie moja kwa moja robo fainali. Nane zilizobaki zichujane. Sisi tukaandikwa wa kumi na mbili, mtu akatania, "wasindikizaji", watu wakacheka.

Na mimi nikacheka. Ndiyo, nilikuwepo. Tena aliyeshika kalamu ni mimi, kwa kuwa nina mwandiko mzuri. Yule nahodha wetu aliponinong'oneza, "Katibu, kwani wametuona wapi tukicheza?", nikamjibu kama mtu mwenye busara: "We acha tu. Mpira unadunda."

Jumamosi tukapangiwa saa mbili asubuhi, kiwanja cha pembeni, kile kisicho na mistari, ambacho goli moja lina mwamba na jingine lina kamba. Mpira wa kuazima. Nusu saa kila kipindi, ili wengine wapate nafasi. Tukatoka sare bila kufungana, tukaenda penalti. Mlinda mlango wetu, kijana wa miaka kumi na saba, mrefu, mikono kama makasia, akapangua mbili. Aliyepangua ya pili namuona mpaka leo: aliruka kulia, mpira ukaenda katikati, akaurudishia mguu akiwa hewani. Tulioona tulikuwa labda watu ishirini na mbuzi watatu.

Jumapili, robo fainali, tukakutana na kigogo. Wao walikuwa wamelala, sisi miguu bado ina vumbi la jana. Kijana wetu akaokoa, akaokoa, akaokoa. Dakika za mwisho wakatufunga moja, kwa kona. Basi. Vigogo watatu wakapita. Mmoja alitolewa na timu ya wadogo wenzetu, na watu wakasema, umekwisha kujua watasema nini, wamebahatisha.

Wiki iliyofuata, siku ya fainali, akaja mtu kutoka mjini kutafuta vijana wa timu yake. Alikuja jioni, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akaangalia mechi moja, akapenda vijana wawili. Akauliza, "Kipa je? Hamna kipa mzuri huku?" Wakampa karatasi. Ile ile karatasi ya chini ya mwembe, yenye mwandiko wangu. Akasoma kuanzia juu, akaishia kwa wale vigogo. Hakufika wa kumi na mbili. Nani anafika wa kumi na mbili? Nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka kwake. Nilitaka kusema, nikaona haya. Nikasema moyoni, akizaliwa na bahati yake ataonekana.

Hakuonekana. Leo anakata mkonge. Si kazi ya aibu, babu yangu aliifanya na mimi nimesomeshwa na mkonge. Lakini haikuwa chaguo lake, na mikono ile haikuwa ya panga peke yake.

Na maadamu nimeutaja mkonge, niseme hili, kwa sababu linanishangaza kila ninapopita. Sisi watu wa Kimamba tunajua kupanga madaraja kuliko watu wengi. Mkonge unakatwa, unafungwa mafungu, unapelekwa korona, unasagwa, singa zinaoshwa, zinaanikwa juani, zinapigwa brashi. Baada ya hapo, baada ya yote hayo, ndipo mtu anazishika mkononi, anapima urefu, anatazama rangi, anasema: hii ni daraja hili, hii ni 3L, hii ni UG. Kisha robota. Hajatokea mpimaji hata siku moja akasimama barabarani, akanyooshea kidole shamba ambalo halijakatwa, akasema, "Lile ni la mtu mkubwa, liandikieni daraja la kwanza, hili ni la mnyonge, liandikieni makumbi." Mnunuzi angemcheka. Basi jani la mkonge linapata haki ambayo mtoto wa mkata mkonge hapati!

Ndugu yetu atasema nataka kufuta kila orodha. La hasha. Orodha ya kazi iliyofanyika naiheshimu. Shirikisho la mpira la Afrika linahesabu matokeo ya klabu kwa miaka mitano, na kwa hesabu hiyo Tanzania imepata kuingiza klabu nne badala ya mbili kwenye mashindano yake. Hizo pointi hazikutoka kijiweni. Simba alizitolea jasho kwa kufika robo fainali za Ligi ya Mabingwa mara kadhaa na fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2025. Yanga alizitolea jasho kwa fainali yake ya 2023, aliyoikosa kwa bao la ugenini tu. Huyo akirushwa raundi ya kwanza, amelipa nauli. Ninachokataa ni cheo ambacho hakina mechi nyuma yake. Ninachokataa ni karatasi ya chini ya mwembe.

Halafu, wenzangu wa kalamu, tusijifanye jambo hili ni la wacheza mpira tu. Sisi tunaoandika tunajuana. Hadithi ikifika kwa mhariri, jicho linakwenda wapi kwanza? Kwenye jina, kisha kwenye anwani. Dar es Salaam, anasoma kurasa tatu. Kimamba, anasoma aya moja, na hiyo aya anaisoma akiwa amekwisha kuamua. Mwandishi wa mjini akikosea tunasema ni mtindo. Wa shamba akikosea tunasema hajui. Jarida letu hili dogo lilianzishwa ili lisiwe hivyo. Basi lisiwe ndilo la kutufundisha kwamba orodha hazina neno.

Mwenye nacho ndiye anayeweza kusema "mpira unadunda" na kulala usingizi. Kwake ni kweli, maana ukidunda vibaya leo, kesho yupo uwanjani tena. Sisi wengine tukilisema tunajiliwaza, na tunapojiliwaza karatasi inapita mkono kwa mkono.

Kwa hiyo nasema tutakachofanya sisi. Mwaka huu kombe letu lipo tena, na wamenirudisha ukatibu. Nimekwisha kuwaambia kwamba sishiki kalamu kabla ya mechi. Majina yote kumi na mawili yaandikwe kwenye vikaratasi sawa, yatiwe kwenye kofia, mtoto achote. Atakayechotwa kuanza saa mbili asubuhi aanze, awe kigogo awe kijiti. Kiwanja cha pembeni kitiwe chokaa kama kile kikubwa. Na daftari la matokeo, nani kaokoa, nani kafunga, liandikwe mechi baada ya mechi, ili akija mtu na kiti chake cha plastiki akauliza kipa, apewe daftari.

Wazee wawili wa kamati wamekataa. Wanasema nitaharibu mashindano, watu wanataka kuona vigogo. Kikao cha pili ni Jumatano. Ndugu yetu wa "mpira unadunda" namkaribisha Kimamba aje akae upande atakaopenda. Ila aje na saa yake. Kama kofia ikishindwa, kuna timu itacheza saa mbili asubuhi kwenye kile kiwanja chenye kamba, na ningependa awepo kuhesabu watazamaji.